Lenzi Kwenye Kopo la Mchele

Lenzi ninayoipenda kuliko zote imenizidi umri. Imetengenezwa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo haipo tena kwenye ramani, na mimi naitumia kwenye kamera ya kidijitali ya aina mpya, ile isiyo na kioo ndani, nyepesi kiasi cha kuingia kwenye mkoba. Lenzi yenyewe haijui umeme ni kitu gani. Ukitaka picha itoke safi unazungusha pete yake kwa vidole, taratibu, mpaka uso wa mtu utulie. Siku za mahafali wapiga picha wenzangu hunikuta uwanjani nimeinama nazungusha, na hapo hapo wanaanza: "Babu, uji bado haujaiva?" Nawaacha wacheke. Mimi ni mtu wa kujisikia, nakiri mapema, na hakuna kitu kinachonipa kiburi kama lenzi ile.

Niliipata kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo mwanamume anapofikiria nani apewe vyake, huangalia kwanza watoto wa dada yake. Mjomba alikuwa na studio karibu na soko la Morogoro mjini kwa miaka mingi. Ilikuwa na pazia la bluu, kiti kimoja cha mbao, kioo, na kitana kilichofungwa kamba kisiondoke na wateja. Simu zilipojaa mikononi mwa watu, wateja walipungua. Baadaye presha ya macho ikamaliza kilichobaki, na leo mjomba anaona mwanga na kivuli tu.

Siku aliyonipa lenzi alimwita mama yangu, akawaita na wanawe, tukakaa sebuleni kwake wima kama watu waliokuja kuposa. Akaweka mezani kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na mchele mkavu wa Dakawa umejaa mpaka juu, na lenzi imefukiwa katikati, imeviringishwa kitambaa na kuzungushiwa uzi. Mchele unanyonya unyevu, alieleza, na unyevu ndio unaootesha kuvu ndani ya vioo. Kila mwaka alibadilisha mchele, ule wa zamani wakala kuku. Wanawe hawakununa hata mmoja, maana na wao wana wajomba zao.

"Mpwa wangu," alisema, "hii si ya kukaa kabatini. Na kuna kazi moja iliyonishinda. Nenda kampige picha bibi yako."

Bibi, aliyewazaa mjomba na mama yangu, anaishi Mgeta, juu milimani, ambako mtu huvaa sweta mchana. Wiki chache kabla alikuwa amerudi kutoka kwenye msiba wa jirani akiwa na hasira. Picha iliyobebwa mbele ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho, na marehemu alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa wenyewe. Bibi akakumbuka kwamba na yeye hana picha nyingine zaidi ya ya kitambulisho. Akatuma ujumbe mjini kwamba hazikwi na sura ile. Apigwe picha yake ya msiba akiwa hai, aione mwenyewe, aikubali.

Ujumbe ule ulimchoma mjomba. Alikuwa amewapiga picha watu wa mji mzima, lakini kila mama yake aliposhuka na matenga yake ya kabichi alikuta studio imejaa, na yeye akamwambia, "Mama, kesho." Macho yakaisha kabla ya hiyo kesho. Aliniambia hayo bila kuzunguka, na aibu yake niliiona. Nilimhurumia sana, na papo hapo nikajiapiza kwamba picha hiyo itapatikana.

Nikaagiza adapta kutoka Kariakoo, ringi ya chuma inayoiunganisha lenzi ya zamani na kamera mpya. Nikafunga, nikabonyeza. Kamera ikagoma, ikaandika kwenye skrini kwamba haina lenzi. Haina lenzi, na mimi nimeishika hapa! Niliitukana, tena kwa sauti, mpaka nilipopata kwenye menyu mahali pa kuiruhusu ipige hata kama haijaitambua. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari mpaka Nyandira, nikamalizia kwa miguu, kifua mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunizika?"

Ndivyo tunavyotaniana. Alikuwa amevaa khanga mpya yenye maua makubwa meusi na meupe, ameifunga mpaka kifuani, maandishi yakimpita mbele. Nikamkalisha mlangoni. Sasa, kamera yangu ina msaada wake kwa sisi tunaozungusha kwa mkono. Mahali palipoingia kwenye fokasi, yaani patakapotoka safi, panawaka vimistari vyekundu. Nikalifungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili mlima nyuma ya bibi uyeyuke, nikazungusha pete, na bibi mzima akawaka mwekundu. Nikabonyeza karibu mara ishirini. Nilimwambia, "Bibi, hii hata ikulu hawana."

Nyumbani nikafungua kompyuta nikiwa bado natabasamu. Khanga ilikuwa safi ajabu. Maandishi yalisomeka herufi kwa herufi, hata uzi uliochomoka kwenye pindo ulionekana. Uso wa bibi ulikuwa nyuma kidogo ya khanga, na kwa lenzi iliyofunguliwa vile, hicho kidogo kilitosha kuupoteza. Katika picha zote sikupata hata moja yenye macho. Nilikaa pale nimenywea, nikiukumbuka mdomo wangu na ikulu yake.

Kesho yake nikaenda kwa mjomba kujieleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mashine imeona maua ya khanga ikafurahi," alisema. "Na uzi je, umeufanya nini?"

"Uzi gani, mjomba?"

"Si ule niliozungushia lenzi."

Nilikuwa nimeurudisha kwenye kopo, nikidhani ni wa kufungia kitambaa tu. Nikarudi nyumbani, nikamwaga mchele kwenye ungo, nikaupata chini kabisa. Ulikuwa uzi mnene wa katani, umekuwa mweusi kwa kushikwa, wenye mafundo saba. Kila fundo, mjomba alinieleza baadaye, lilikuwa na namba yake ya umbali kwenye pete ya lenzi. Studio ilikuwa na giza, umeme ulikatika ovyo, na mjomba hakutaka kubahatisha kwa jicho. Ncha moja alikuwa akimpa mteja ajiwekee pembeni ya jicho, uzi anauvuta mpaka kwenye kamera, kisha anahesabu mafundo yaliyo katikati, anaweka namba, anasema achia, anapiga. Miaka yote hiyo watu walidhani ni mbwembwe.

Safari ya pili sikwenda peke yangu. Mjomba alivaa koti lake la studio, akaweka mkono begani kwangu, tukapanda njia ya Mgeta polepole, katikati ya matuta ya njegere. Alikuwa hajafika kwa mama yake tangu macho yalipofifia. Nilimtajia kila jiwe mpaka akaniambia ninyamaze, njia hii aliizoea kabla mama yangu hajazaliwa.

Bibi alivaa khanga ile ile. Nilimwomba abadilishe, akaniuliza kama khanga ndiyo yenye kosa au mimi. Nikafunga tundu la lenzi kidogo, ili nisiwe na tamaa kama siku ile. Mjomba akasimama karibu nami, uzi mkononi, tayari kuubana kwenye kamera. Ncha yake nikampelekea bibi, akaiweka pembeni ya jicho lake kama alivyoelekezwa. Mjomba akauvuta mpaka kwenye kamera, uliozidi ukaning'inia, uzi ukanyooka kati ya mama na mwanawe. Akaupapasa kwa vidole kutoka upande wetu, fundo la kwanza, la pili, la tatu.

"La tatu," akasema. "Weka mita moja na nusu."

Nikaweka. Vimistari vyekundu vikawaka kwenye khanga, nikaviacha viwake.

"Mama, tulia hivyo hivyo. Ngoja kidogo."

"Nimezoea kukungoja," bibi akajibu.

Hakusema kwa uchungu. Alisema huku anamtazama mwanawe, si kamera, na pembe moja ya mdomo imepanda. Mjomba hakuweza kuliona tabasamu lile, lakini sauti aliisikia.

"Achia," akasema.

Bibi akaachia uzi. Nikapiga mara moja tu. Sijui nilipata wapi moyo wa kupiga mara moja tu, ila najua sikuona sababu ya kurudia.

Picha niliisafisha mjini kwa ukubwa wa kusimama mezani, nikaitia fremu ya mninga, nikakagua kope moja moja. Kisha tukapanda tena wote wawili. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Mjomba alikuwa kwenye kigoda, shingo ameinyoosha kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mama," akauliza, "macho yametulia?"

"Yametulia."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Yanakutazama wewe."

Mjomba akainamisha kichwa. Nililia, sifichi, na nilijivuna kwa wakati mmoja, na sijapata tena kujisikia vile kwa picha yoyote. Nikamwambia bibi nitaifunga vizuri kwa nailoni, aihifadhi kwenye sanduku pamoja na nguo alizojiwekea za siku yake.

Akanitazama kama nimetukana.

"Sanduku gani? Hebu lete msumari, utundike pale, mkabala na mlango, watu wakiingia waione."

"Lakini bibi, si ulisema ni ya msiba?"

"Hii?" akasema. "Huyu mtu mzima anayecheka hivi utambeba mbele ya jeneza? Hii ni ya nyumbani. Ya msiba utakuja kunipiga siku nyingine, mume wangu. Nitakuita."

Nikagonga msumari. Hiyo ni zaidi ya mwaka sasa. Uzi uko kwenye kopo, mchele nimeshabadilisha, na bibi bado hajaniita.