Mwamini na Sentensi za Getini

Mwamini wa Chole alikuwa akitutia aibu kila asubuhi pale kwenye geti la kiwanda, Zegereni. Hujajifunga hata aproni ya kazi, yeye ameshashika neno la Kiingereza na kulipanga mbele yenu. Leo neno ni ndoo. "Yesterday I bought a bucket. Today I am washing the bucket. Tomorrow I will carry the bucket." La jana, la leo, la kesho, ndipo aingie kazini.

Tulimcheka. Mimi Faudhia nilicheka kuliko wote, maana nilimwonea wivu, na sifichi. Kiingereza cha kidato cha nne tulikifeli wote wawili, yeye Kisarawe, mimi Mlandizi. Lakini yeye hakukubali kwamba habari imeishia pale. Alikosea kwa sauti kubwa, akisahihishwa anashukuru, kisha anarudia sentensi nzima upya.

Kiwanda chetu kinatengeneza chakula cha kuku. Meneja ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye asante. Mwezi wa tano akatangaza kwamba msimamizi mpya wa zamu atatoka miongoni mwetu, ila awe mtu wa kuzungumza naye bila mkalimani.

"Hiyo nafasi ni yangu," Mwamini akasema waziwazi.

Sasa, sisi tuliokulia huku, mkubwa akikuuliza jambo humwambii hapana usoni. Unaitikia kwanza, mengine yatafuata. Basi meneja akisema lolote, zamu nzima tulijibu "Yes, sir," na maana yetu ilikuwa tumekusikia, mkubwa.

Alhamisi ile mashine ya kuchanganyia pumba iliziba. Mzee Salehe, fundi wetu, akaingia ndani na chepe kuizibua. Meneja akaja mbiombio, gari la mteja likimsubiri nje. Akashika swichi, akatuuliza kitu.

"Yes, sir!" tukaitikia. Sauti yangu ilikuwa juu.

"No, sir!" Mwamini alikuwa ameshatupa gunia chini. "Do not start the machine. Mzee Salehe is inside."

Meneja aliondoa mkono kama aliyeungua. Kumbe alituuliza kama watu wote wametoka! Nikakaa sakafuni. Mzee Salehe akachomoza, pumba mpaka kwenye kope, akiuliza kuna nini.

Meneja alitaka kujua kwa nini tulimwambia yes. Mwamini ndiye aliyemjibu, polepole, sentensi baada ya sentensi, bila kutuchongea: hatukuelewa swali, kwetu kuitikia ni adabu, na kuanzia leo akiuliza, asubiri mtu aende akaangalie. Jumatatu alikabidhiwa zamu.

Siku hiyohiyo mashine ikaziba tena. Ilipozibuliwa, msimamizi wetu alisimama kwenye swichi, akaniita mimi, akaniuliza kwa Kiingereza kama ndani yumo mtu.

Jibu la haraka lilishafika mdomoni. Nikalimeza. Nikawasha tochi ya simu, nikainama, nikachungulia kona zote, kisha nikageuka kuhakikisha Mzee Salehe amesimama nyuma yangu.

"There is nobody inside," nikasema.

Mwamini akawasha.