Kaniki ya Mama na Shuka la Maua

Mama yangu, Raheli, alikuwa na kaniki moja aliyoithamini kuliko kitanda chake. Alitubeba mgongoni kwa kaniki hiyo, watoto watano. Nguo zilipoadimika madukani, akaitia kiraka cha suruali ya marehemu baba, na kingine cha mfuko wa unga wa ngano. Kwetu Chamwino hakuna asiyeijua.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Dodoma mjini, na mwaka 1993 nilijiona mtu wa mjini hasa. Basi akaja mchoraji kutoka Dar es Salaam, Optatus, akataka mafundi watatu tumshonee pazia refu la nguo kuukuu za wanawake wakulima. Siku ya onyesho kila mwanamke angesimama chini ya nguo yake na kuisimulia, na akina mama wa Kigogo wapiga ngoma za muheme wangemwitikia. Sharti lake lilikuwa moja.

"Dada Emiliana, msizirembe. Nazitaka zilivyo."

Mama aliposikia, aliitoa kaniki yake siku hiyohiyo, akanifungia pamoja na karanga. "Mwambie akimaliza anirudishie," akasema.

Nilipoikunjua kibarazani, mafundi wenzangu waliitazama, nami nikaona haya. Watakuja watu wa bungeni, nikawaza, waone mama wa fundi amevaa mfuko wa unga? Hakuna aliyesema hivyo. Nilijisemea mwenyewe, mpumbavu mimi. Nikaenda kwenye mitumba, nikachagua shuka la maua, nikalitarizi jina la mama na kulishona palipokuwa pake. Kaniki nikafunikia cherehani, baadaye nikawa nafutia mafuta. Nilijua mama hasafiri.

Alisafiri. Siku ya onyesho alikuja na majirani wanne, wote wamependeza, maana alikuwa ameshawatangazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Iko wapi?"

Nikasingizia kazi, nikaenda kusimama nyuma ya nguzo, mtu mzima na watoto wangu. Mama hakujua kusoma, hivyo alipita pazia lote akishika kila nguo, akitafuta viraka vyake kwa vidole. Akafika mwisho, akaanza upya.

Ndipo Optatus akamwita, akamsimamisha chini ya shuka la maua. Majirani wakatazamana. Mama akageuza upindo, akauona mshono wangu. Anaujua, kushona kanifundisha yeye. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri, na mimi niliomba anitukane tu yaishe.

"Hii kaileta mwanangu," akasema. "Bado haijambeba mtu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, ngoma zikamwitikia. Walidhani ni utani. Majirani zake hawakucheka.

Aliondoka bila kuniuliza kaniki iko wapi. Niliifua kwa sabuni mara tatu, mafuta hayakutoka. Wiki iliyofuata nikampelekea hivyohivyo. Aliipokea kwa mikono miwili, akavigusa viraka vyote viwili, kisha akainusa.

"Sasa inanuka cherehani," akasema, akaenda kuianika uani.

Nilibaki nimesimama mlangoni. Hata kunikaribisha ndani alisahau, au hakusahau.