Rangi ya Chini ya Lori

Lori la marehemu mume wangu lilikaa nyuma ya nyumba yetu hapa Ujiji miaka mingi bila kuwashwa. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, na juu ya boneti nilianika dagaa, maana bati lake linashika joto vizuri. Lakini mtu asidhani nililidharau. Lori hilo ndilo lililonipokea siku niliyoolewa. Nilikuja kwa boti kutoka Mwamgongo, nimefunikwa khanga mpaka puani, nikalikuta mwaloni, pale boti zinapotia nanga, limesimama, bluu, linang'aa kama sahani ya wageni. Mume wangu akasema, "Nimelinunua jipya kwa ajili yako." Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa Ujiji ambaye sikumweleza.

Aliyeelezwa kuliko wote ni wifi yangu, dada yake mume wangu. Yeye alipelekwa kwa mumewe kwenye karia ya baiskeli. Mawifi ni watani, na utani huo sikuuacha upoe. Akija kuomba chumvi, namuuliza kama leo mnyororo haukukatika njiani. Anacheka tu, anachukua chumvi yake.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ni fundi makanika Kigoma mjini. Alipochumbiwa akaja akasema, "Bibi, nami nataka kupanda lori hilo siku ya harusi. Nitalirudisha kama lilivyotoka kiwandani." Nilifurahi hadi nikamchinjia jogoo aliyekuwa akilala kwenye injini.

Mtoto huyo ana mikono. Aliipangua injini yote juu ya mkeka wangu mzuri, akaipanga tena, ikanguruma. Chini ya gari hakukuta kutu. Nikamweleza kwamba babu yake alibeba mapipa ya mawese, na pipa likivuja, yaliyomwagika aliyapaka kwenye vyuma kama anampaka mtoto mchanga mafuta.

"Kumbe ndiyo maana linanukia kama jikoni," akasema.

Balaa lilikuja na rangi. Alikuwa anasugua mlango kwa msasa, mimi na wifi tumekaa kwenye vigoda tunachambua dagaa. Bluu ikatoka. Chini yake kijani.

"Bibi, hii bluu siyo ya kiwandani."

"Sugua taratibu. Macho yako yamejaa vumbi."

Akasugua. Zikatokea herufi nyeupe, kubwa. T. Kisha A. Nikajua tu itakuwa Tanganyika, nikamtazama wifi kwa madaha. Kisha K. Kisha A tena, na hapo pakaishia.

TAKA.

Na chini yake, kwa herufi ndogo: Halmashauri ya Mji. Mji gani, kutu ilishakula.

Mimi! Bibi harusi mzima, na hina mpaka kwenye viwiko, nimebebwa na gari la taka! Nikamgeukia wifi. Hakushangaa hata kidogo, anatoa mchanga kwenye dagaa.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, wifi yangu. Nililisugua mimi kwa sabuni ya mawese, siku tatu, kabla hujafika. Kaka aliniapisha nisikwambie."

"Na miaka yote hii nakucheka na baiskeli yako?"

"Baiskeli ilikuwa mpya," akasema.

Nikamwamuru mjukuu apake bluu papo hapo, kabla watu hawajatoka msikitini. Akagoma.

"Si tulikubaliana lirudi lilivyokuwa? Ndivyo lilivyokuwa."

"Utaolewa kwenye gari la taka wewe?"

"Wewe uliolewa humo, mbona hukuachika?"

Nikawaza usiku na mchana. Mlango unatazama barabarani, habari itafika Kibirizi kabla yangu. Kama watu watacheka, basi wacheke nikisimulia mimi mwenyewe.

Siku ya harusi lori lilikuwa kijani, herufi zimepakwa upya, nyeupe pe. Kabla mtu hajaanza kunong'ona, nikapanda nyuma, nikawatangazia wageni wote nilivyodanganywa na marehemu. Walicheka mpaka mashungi yakawavuka. Kisha wakamtaka wifi naye aeleze alivyolisugua. Akapandishwa, akaeleza kwa kirefu. Alipofika kwenye panya saba aliowafukuza chini ya kiti, nikajua kaongeza chumvi tangu panya wa pili. Nikamshikilia tu asianguke.