Mzigo Ulioanguka Mtitima

Tulikuwa wanne. Mbele alikuwa mjomba wangu, Athumani Mbonde. Nyuma yake bibi yangu, aliyewazaa mjomba na mama yangu, Mwanahawa binti Mkumba. Wa tatu nilikuwa mimi, Rajabu bin Omari Kingwande, mwanafunzi wa darasa la pili. Wa mwisho alikuwa Somoe, binti wa mjomba, ambaye tulikuwa rika moja. Nayaandika majina kamili kwa sababu siku hiyo tulikatazwa kuyatamka.

Nilipokuwa mtoto tulikaa upande wa Mkongo, na Mtitima haikuwa hifadhi ya mtu yeyote. Kilikuwa kinamasi tu, kikubwa, cha matete na mafunjo. Ardhi yake ni nyeusi, majani yaliyooza juu ya majani yaliyooza, na chini yake hakuna aliyepata kugusa udongo mgumu. Ukikanyaga huku, matete ya kule hutikisika. Watu waliingia kwa sababu moja: katikati yake kulikuwa na ukindu mrefu kuliko wa mahali pengine popote, na bibi alikuwa msukaji wa mikeka.

Njia ilikuwa moja, nyembamba, iliyoshindiliwa na miguu ya miaka mingi. Mlikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na upondo wake, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ameushika kwa kuukingamisha kifuani, ili akititia umzuie. Na mlikwenda bila majina. Wazee walisema kinamasi kile husikia, na jina likitajwa mule hulishika, kisha humngoja mwenyewe hata kama ni uzeeni. Ukitaka kumsemesha mwenzako ulisema "wewe wa mbele" au "wewe wa nyuma". Mtu akizama, hakuna aliyesema kuwa mtu amezama. Walisema mzigo umeanguka.

Bibi aliturudia maneno hayo kabla hatujaondoka, akiwa amenishika sikio ingawa sikuwa nimefanya kosa. Kwa kawaida aliniita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume. Asubuhi ile aliniambia huko tuendako yeye hata mume hana.

Sasa nieleze kuhusu Somoe. Hakupelekwa shule, na jambo hilo lilimuuma. Kila jioni nilipotoka shuleni alinitaka tucheze shule, lakini hakukubali kuwa mwanafunzi. Alikuwa mwalimu. Alijifunga kanga begani, akashika kijiti, akaita orodha ya darasa lenye mtoto mmoja: "Rajabu bin Omari Kingwande!" Nami nilisimama wima, nikageuka kumwelekea, nikajibu: "Nipo, mwalimu." Tulifanya hivyo jioni nyingi kiasi kwamba mwili wangu ulijifunza zaidi kuliko akili.

Tulikata ukindu tangu asubuhi hadi jua likaanza kuegemea magharibi. Kurudi, kila mmoja alikuwa na mzigo kichwani. Mikono yangu ilichoka, nikauweka upondo begani badala ya kuukingamisha. Nyuma yangu kamba ya mzigo wa Somoe ilifunguka, akasimama kuufunga. Matete yakajifunga kati yetu. Alipoinua kichwa hakumwona mtu, aliona majani tu, na ardhi aliyosimama ilikuwa ikipumua.

Akaita. Aliita kwa jina pekee alilozoea kuniita kwa sauti kubwa, lote, kama lilivyo.

Nami nikageuka wima, nikajibu, "Nipo."

Sikuteleza. Nilikanyaga tu pembeni kidogo ya njia, na pembeni hapakuwa na kitu. Nilikwenda chini hadi mapajani kabla sijajua kwamba nazama, kisha polepole hadi kiunoni. Juu matope yalikuwa vuguvugu kama uji uliosahauliwa. Chini, kwenye nyayo, yalikuwa baridi ya kisimani. Nilipovuta mguu wa kulia, wa kushoto ulishuka. Nilipojaribu kupumzika, matope yalisogea yakajaza kila nafasi niliyokuwa nimeiacha. Hakuna kilichoniuma. Nilishikwa tu, kwa upole, pande zote, na kitu ambacho hakikuwa na haraka.

Mbele nilisikia nyayo za bibi zinasimama. Hakugeuka.

"Nini kimeanguka?" aliuliza.

"Mimi, Bibi."

"Sikuuliza nani. Nimeuliza nini."

Nilikuwa nalia. Nilikuwa mtoto wa shule, nilijua kuandika jina langu kwa mwandiko wa kuunganisha, na nilitaka mtu aseme kwamba ni mimi niliyekuwa nakufa. Bibi hakusogea. Mjomba naye hakusogea, ingawa niliona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Nini kimeanguka?" bibi aliuliza tena, kwa sauti ileile.

"Mzigo."

"Mzigo wa nini?"

"Wa ukindu."

"Haya. Mzigo haujitingishi. Mzigo haulii. Mzigo ukianguka hulala ukangoja wenyewe. Lala."

Nikalala. Niliegemea nyuma juu ya matope kama mtu anayelala kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke sikushuka zaidi. Matope yalikuwa yamenifika kifuani.

Walifanya kazi bila maneno mengi. Ukindu wote tuliokata uliwekwa juu ya matope, tita kwa tita, na pondo juu yake. Mjomba alilala kifudifudi, akatambaa hadi kunifikia, akaanza kuchimba kwa mikono kuzunguka mguu wangu mmoja, akiingiza maji ili matope yalegee. Ilichukua muda mrefu. Kila alipochota, nusu ilirudi. Muda huo wote Somoe alikuwa amelala juu ya mzigo wake mwenyewe, amenishika viwiko vyote viwili. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, juu chini, midomo imebanwa. Hakuniachia hata mjomba alipomwambia apumzike.

"Mzigo mzito huu," mjomba alisema alipoupata mguu wa pili. "Wenyewe waliulisha wali wa nazi jana."

Nilitoka ghafla, kwa sauti ya kizibo kinachong'olewa. Kaptura yangu ya kaki, sare ya shule niliyovaa kwa majivuno ingawa nilikatazwa, ilibaki chini. Mjomba aliniangalia nilivyosimama pale mweusi tititi, uchi, akasema ni afadhali kinamasi kimeridhika na nguo ya serikali. Tulicheka wote. Bibi peke yake hakucheka.

Tulipofika ardhi ngumu alimgeukia Somoe. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Umekifundisha jina lake. Sasa kinamjua." Kisha akanitazama mimi, akasema tangu leo mtoto huyu nyumbani anaitwa Mzigo, na asiingie Mtitima tena maisha yake yote.

Na ndivyo ilivyokuwa. Shuleni, kazini, kwenye hati zangu zote mimi ni Rajabu bin Omari Kingwande. Nyumbani nilikuwa Mzigo. Katazo la bibi nililitii bila shida, kwa kuwa maisha yalinipeleka kwingine. Aliyebaki na siku ile ni Somoe. Mchezo wa shule hakuutaka tena. Nilipopata homa, alikaa mlangoni hadi nitoke jasho. Aliolewa Umwe, nami nikahamia Kibiti, na kila aliposikia ninaumwa alituma mtu aulize neno moja: "Mzigo yupo?" Nilipokuwa kijana lilinichekesha. Nilipokuwa mtu mzima lilinichosha. Baadaye wote waliojua jina hilo walitangulia, akabaki yeye peke yake wa kuniita hivyo, nikalipenda.

Siku hizi Mtitima ni hifadhi. Huhitaji mwenyeji wala upondo. Unapanda basi Kibiti, unashuka Ikwiriri stendi, unachukua bajaji hadi getini. Ndani kuna njia ya mbao yenye vishikio pande mbili, na kibao kinachoeleza mboji ni nini na ndege gani wanaonekana. Somoe ndiye aliyetaka twende. Nilimkumbusha katazo. Alisema bibi alikataza kukanyaga, na sisi tutatembea juu ya ubao.

Alinisubiri stendi, amevaa kanga mpya. Tulitembea polepole, magoti yetu yakitukumbusha umri. Mbao zilitikisika kidogo chini yetu na matete ya mbali yakajibu. Kijana aliyetuongoza alikuwa na adabu. Tulipofika katikati, kwenye kibaraza cha kupumzikia, alituamkia tena, akatuuliza majina yetu ili atuite vizuri.

Mimi, ambaye nimesahihisha jina langu mbele ya makarani maisha yangu yote, sikuweza kulisema.

"Huyu anaitwa Mzigo," alisema Somoe.

Kijana alicheka kwa heshima, akidhani ni utani wa wazee. "Na wewe, Bibi?"

Somoe alishika kishikio kwa mikono miwili. Hakumtazama kijana. Aliyatazama maji meusi yaliyokuwa kati ya mafunjo, akasema kwa sauti ya juu, taratibu, kama mtu anayeita orodha darasani: "Somoe binti Athumani Mbonde." Akangoja kidogo. Kisha akajijibu mwenyewe, "Nipo."

Kwenye bajaji nilimuuliza kwa nini amefanya vile. Alikuwa anakunguta vumbi kwenye kanga, wala hakuwa na huzuni.

"Kinamasi kimengoja miaka mingi, Mzigo. Na mimi ndiye niliyekitajia jina lako."

Mimi sitoi hukumu. Najua kwamba mtu akiitwa hugeuka, na anayegeuka juu ya njia ile hupotea. Najua pia kwamba anayeambiwa ni mzigo huacha kupapatika, na asiyepapatika hazami upesi. Hivyo ndivyo ninavyolielewa katazo la wazee, na elimu yangu inaniruhusu kufika hapo tu. Lakini tangu siku ya bajaji naona kwamba nilihesabu vibaya ni nani aliyekwama Mtitima. Mimi nilitolewa alasiri ileile.

Mavuno ya mpunga yalipokwisha, mjukuu wake alinipigia simu asubuhi. Somoe binti Athumani Mbonde amefariki. Tumemzika Umwe.