Daftari la Ubatizo na Mwamba wa Kusagia

Iko siku moja ambayo siisahau, mwanangu, siku Bibi Nyabise aliponishika mkono mchana wa jua kali akanipeleka kwenye mwamba ulio nyuma ya shamba lake. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa kijiji, kalamu mbili mfukoni, na nilijiona msomi kweli kweli. Naanzia hapo kwa sababu umekuja na simu yako kunirekodi, ukasema unataka kuandika historia ya kijiji chetu. Nimefurahi kuliko ninavyoonyesha. Lakini ujue mimi niliiandika kabla yako, na niliiharibu.

Nilipokuwa nasoma Musoma mjini tulifundishwa na mwalimu mwanamke kutoka Uingereza. Alikuwa na kijitabu chembamba cha historia ya kijiji chao. Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo kuliko Mugango yetu hii, barabara moja na kanisa, lakini kilikuwa na kitabu! Mhunzi alikuwa nani, daraja lilijengwa na nani, kengele ya kanisa ilipigwa na nani, yote yamo. Nilimuuliza wameyajuaje. Akasema mengi yametoka kwenye madaftari ya kanisa, maana kwao tangu zamani sana karibu kila mtoto alibatizwa na kuandikwa. Wivu ulinishika. Nikajiapiza kwamba na sisi tutakuwa na kitabu chetu.

Nilipopata kazi nyumbani nikamwomba katekista anifungulie kabati. Mle ndani lilikuwemo daftari kuukuu la ubatizo, kurasa zimeliwa na mende pembeni. Jina la pili kabisa lilikuwa la babu yangu. Nilitaka kuruka! Ukoo wa Bibi Nyabise ulikuja kuonekana kurasa nyingi mbele. Nikapiga hesabu yangu ya kisomi kwamba aliyeandikwa kwanza ndiye aliyefika kwanza. Nikaandika kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri, kuwa ukoo wetu ndio ulioanzisha kijiji, na kwamba kina Nyabise walikuja baadaye wakapewa mahali pa kukaa. Ili nisionekane mvivu nikawauliza baba na wazee wawili. Wote watatu walikuwa wa ukoo wetu, na wote watatu walikubali upesi sana.

Bibi Nyabise sikumuuliza. Alikuwa mjane aliyerudi kwao kulima shamba la baba yake. Kila asubuhi nilipita mlangoni kwake nikienda ziwani kununua sato, tukasalimiana, akaniulizia mama, nikaendelea na safari yangu. Haikunijia akilini kwamba mwanamke asiyejua kusoma anaweza kuwa na neno la kuweka kwenye kitabu.

Daftari langu nililisoma kwenye mkutano wa kijiji. Nikapigiwa makofi mpaka nikaona aibu ya uongo, ile ya kuinamisha kichwa huku moyoni unataka waendelee.

Miezi michache baadaye kijiji kikawa kinatafuta mahali pa kujenga zahanati. Kamati ikaona shamba la Bibi Nyabise linafaa, ni tambarare na liko karibu na barabara. Lakini ndani yake, kwenye uzio wa minyaa, yamo makaburi ya baba yake na mama yake. Mwenyekiti akasema, "Daftari la karani linaonyesha hawa ni watu wa kupewa mahali. Basi tuwape mahali pengine." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma nilichoandika. Wakapanga mkutano wa wiki inayofuata upitishe jambo hilo, na makaburi yahamishwe.

Kesho yake Bibi akaja nyumbani. Nilijiandaa kwa matusi, na ningestahili. Akasema tu, "Mtoto wa Manyama, chukua daftari lako, twende."

Unaufahamu ule mwamba mpana unaotazama ziwa, ambapo siku hizi mnaanika dagaa. Una vishimo viwili, kimoja kirefu na kingine kifupi, laini ndani kwa kusuguliwa. Nilikuwa nimevichezea tangu utoto na sikuwahi kuuliza ni vya nini. Bibi alitoa jiwe la mkono kwenye ufa, akamimina ulezi kidogo kwenye kile kirefu, akapiga magoti akaanza kusaga.

"Hapa ndipo bibi yangu, mama wa baba, alikuwaga anasaga," alisema. "Hicho kifupi ni cha mama wa babu yako. Watu wa kwenu walikujaga na mtumbwi kutoka Ukerewe, wakati wa njaa, watu wazima wawili na watoto wanne. Babu yako alikuwa mgongoni. Kwetu mgeni hajengi jiko lake mpaka avune. Anasaga kwa mwenyeji. Basi bibi yangu akampisha hapo pembeni, na ulezi akampa yeye, mpaka walipovuna wa kwao."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile mkutanoni.

"Uliniuliza?"

Akaendelea kusaga, na bila hasira akanifundisha kazi yangu. "Babu yako alibatizwa mapema kwa sababu wamisheni walimkuta kijana, hana mji wala mke, akakaa nao. Baba yangu alikuwa na mashamba na ng'ombe. Amekuja kubatizwa mzee, na fimbo mkononi. Daftari la kanisa halijadanganya. Limesema nani alipata maji kwanza. Hayo mengine umeongeza wewe."

Nilipiga magoti pale pale kumwomba msamaha. Akanitazama akacheka. "Inuka, utachafua suruali ya ofisi."

Sitakuficha, mwanangu, nilifikiria kunyamaza. Baba aliposikia alikasirika, akasema nitamvua nguo mbele ya watu. Nikaenda kwa wazee wa kike waliobaki, nikafika hadi Murangi kwa shangazi aliyeolewa huko, dada wa baba. Shangazi aliniangalia kwa huruma. "Sisi wote tunajua," akasema. "Nyie wanaume ndio hamjuagi." Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka na kuona aibu kwa pamoja.

Siku ya mkutano nilisimama. Nikasema nilichoandika juu ya ukoo wa Bibi Nyabise si kweli, kwamba sisi ndio tuliopokelewa na wao. Kelele zikaanza. Mwenyekiti akataka ushahidi. Nikawaomba twende mwambani, na watu wote wakanyanyuka tukaenda.

Bibi alieleza kwa maneno machache. Baba yangu alisogea, akachuchumaa, akaweka kiganja chake ndani ya kile kishimo kifupi. Nilidhani atanilaani. Aliposimama, macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Zahanati itajengwa kwenye shamba langu la juu." Halafu akamgeukia Bibi Nyabise, akamwita mama. Hakuwahi kumwita hivyo hapo kabla.

Ndiyo zahanati hiyo hiyo ulimozaliwa wewe.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipoandika daftari upya nilimsomea, akaniomba nimwonyeshe jina lake lilipo, akaliwekea kidole. Alipofariki, ukoo wao uliniomba mimi, mtu wa mtumbwi, nisome historia ya marehemu pale kaburini, ndani ya uzio ule ule wa minyaa. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile. Nikimkumbuka nashukuru mpaka leo, maana angeweza kuniumbua mbele ya kijiji kizima, naye akachagua kunisagia ulezi.

Sasa washa simu yako. Karatasi zisome zote, na kila moja jiulize iliandikwa kwa ajili ya kazi gani, usiilazimishe kusema zaidi. Waulize akina mama, tena waulize wakiwa kazini, mikono ikishika kazi ndipo maneno hutoka. Ukiona ukoo wako unang'aa sana kwenye kurasa zako, simamisha kalamu uende kwa jirani. Na ukikosea, rekebisha mbele ya watu wale wale waliokupigia makofi.

Mungu akupe masikio marefu na kalamu ya kweli, mwanangu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akuletee mtu wa kukushika mkono akupeleke mwambani. Nenda ukaanze na mama yako. Ukitoka kwake, ndipo urudi kwangu.