Namba Nane ya Hamisi

Sisi tuliokulia Morogoro ruksa ya biashara ilipoanza tuliona mengi kwa mpigo. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa sokoni, na baba zetu wa viwandani wakaanza kunong'onezana habari za kupunguzwa kazi. Sisi watoto hayo hayakutuhusu. Tulikuwa na chandimu, mpira wetu wa matambara na nailoni uliofungwa kwa kamba za katani, na kiwanja cha mteremko ambapo timu ya chini ilibidi ipande mlima ndipo ipate bao. Mama yake Hamisi alitugawia magimbi ya kuchemsha, tukala huku tunakimbia. Vijana wa leo wana viatu vya rangi ya embe bivu, na wakiguswa bega wanagaagaa chini. Sisi kucha iling'oka, na nyumbani ukachapwa kwa kuchafua shati.

Hamisi alikuwa kiungo, nami pia kiungo. Mimi nilikimbia sana, yeye hakuwa na haja ya kukimbia. Mpira ulimfuata.

Tulipofika miaka kumi na saba, alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam kuitafutia klabu yake namba nane. Alitutazama siku mbili, akamtaka Hamisi. Akaniomba nimpeleke kwao akaombe ruhusa.

Wazazi wangu walitoka Tabora, na kwetu mtoto ni wa baba. Lakini nilizaliwa katikati ya Waluguru, nilijua vizuri kuwa kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wake Hamisi aliishi Mkuyuni, na hata siku ya jando ndiye aliyefuatwa kwanza. Ningemwambia mgeni neno moja tu. Sikulisema. Nilimpeleka kwa baba yake Hamisi. Nisisingizie utoto, ulikuwa wivu.

Baba alikubali, wakanywa chai. Kesho yake asubuhi mjomba aliteremka kutoka Mkuyuni na kanzu yake, hata hakuketi.

"Mnamgawa mtoto kama mbuzi, mwenyewe sijaulizwa?" alisema. "Haendi."

Mama yake Hamisi alimpigia kaka yake magoti, wapi. Mgeni hakuwa na muda wa kubembeleza. Akanigeukia mimi.

"Haya, wewe, baba yako yupo?"

Nimecheza Dar, Lusaka, Maputo na Muscat, na msimu mmoja nilikaa benchi huko Malta nikitetemeka kwa baridi. Magazeti yaliniita fundi. Kila pasi waliyoipigia makofi nilikuwa nimeiona kwanza miguuni mwa Hamisi, kwenye ule mteremko.

Yeye hakumsamehe mjomba wake. Hakumsalimia tena, na mzee alipofariki hakwenda kuzika. Ukoo ukakasirika, na shamba la migomba ambalo lingekuwa lake akapewa mwingine. Sasa anaziba pancha za pikipiki Msamvu.

Watoto wa siku hizi tunawacheka kwamba hawana adabu, wanapita wazee bila shikamoo, macho kwenye simu. Lakini wanangu wakigombana asubuhi, jioni wameshaombana radhi humo humo kwenye simu. Sisi tulifundishwa kusalimia, kunyamaza na kupokea kwa mikono miwili. Sikumbuki aliyetufundisha kumwomba radhi rika lako. Natamani enzi zile, kisha naziogopa.

Nimerudi Morogoro moja kwa moja. Juzi nilikwenda kijiweni kwake na azma ya kusema. Aliniwekea kigoda, akaagiza chai, akawaita wateja wake waje kumwona mchezaji. Kisha akawaambia, mkono wake wenye grisi ukiwa begani pangu, "Ndugu zangu wa damu waliniharibia maisha. Aliyenitakia mema ni huyu peke yake."

Nikanywa chai yangu yote, nikaaga.