Fulana ya Mavyaa

Mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, alipata kiharusi mwanzo wa masika. Upande wote wa kulia ulipooza na ulimi ukawa mzito. Tukamtoa kwake Usagara tukamleta kwetu Makorora, chumba cha mbele, na kazi ya kumwogesha na kumvisha ikawa yangu.

Hatukuwa watu wa kupendana. Yeye alikuwa fundi cherehani miaka mingi, ameshonea maharusi wengi wa mji huu. Mimi nilijifunza kushona kwa kubahatisha. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilishona mapazia ya sebuleni. Alipokuja kututembelea aliyashusha, akayafumua mbele ya wifi zangu, akasema mkono wangu ni wa kushonea magunia. Tangu siku hiyo nilimpa shikamoo na chakula, basi.

Magauni yake yote alijishonea mwenyewe, ya kitambaa kigumu, mikono ya kubana. Kila asubuhi niliusukuma mkono ule mgonjwa mle ndani huku yeye akiuma midomo. Siku moja alinishika kwa mkono wa kushoto, akasema polepole, "Niache. Unanivunja." Akashinda na kanga kifuani, na jamaa zake walipokuja kumjulia hali akakataa wasiingie. Nikawaambia amelala. Niliona haya, na si kwa sababu ya uongo ule. Nilijua nimekuwa nikimvisha kwa haraka, kama mtu anayejaza mto.

Nilikuwa na mabaki ya kitambaa cha kuvutika, cha kijani kilichokolea, yaliyosalia nilipomshonea binti yangu nguo za nyumbani. Nikachukua fulana kuukuu ya mume wangu, nikaikunja nusu, nikailaza juu ya kitambaa sakafuni na kuizungushia chaki. Kwapani niliongeza vidole vinne, na shingo nikaifanya pana. Kitambaa hakikutosha mikono, nikaitoa kwenye kipande kingine, cha kijivu.

Cherehani yangu ni ya mkono, hukaa ukumbini karibu na mlango wa chumba chake. Nilianza na bega. Mishono ikaruka. Nikafumua, nikarudia, ikaruka tena. Kutoka kitandani nikasikia, "Sindano."

"Sindano ina nini, mama?"

"Kali. Inakata nyuzi. Tafuta ya ncha butu."

Nilikwenda Ngamiani nikainunua. Niliporudi sikuirudisha cherehani ukumbini. Niliibeba nikaiweka juu ya meza ndogo, miguuni pa kitanda chake.

Mabega na mbavu zikaenda vizuri. Shingo ndiyo iliyonishinda. Niliivuta pamoja na utepe wa kuizungushia, ikatoka imejaa mawimbi. Nikaipeleka karibu na macho yake, akaitazama kitambo.

"Fumua," akasema. "Utepe uwe mfupi kuliko shingo. Vuta utepe. Shingo iache."

Nikakaa kitandani kwake, nikafumua. Nilikuwa nimefika nusu aliposema, "Mapazia yale hayakuwa na kosa."

Sikuinua uso. "Yamepita, mama."

"Kwako labda. Mimi nayakumbuka." Akapumzika, maneno yalikuwa yakimchosha. "Mwanangu alikuwa hanisikilizi tena. Nikaona sababu ni wewe."

Watu hudhani neno kama hilo huleta faraja papo hapo. Mimi lilinipandisha hasira. Miaka kumi na minne nilikuwa nikiamini kwamba mkono wangu ni mbaya, na mapazia ya nyumba yangu nikiyapeleka kwa fundi. Nilitaka kumwambia hivyo. Kisha nikaona mate yamemtoka pembeni mwa mdomo, naye hana habari, nikamfuta, nikaendelea kufumua.

Nilimvisha jioni ile, mkono mgonjwa kwanza. Ukapita bila yeye kuuma midomo. Akapapasa mishono kwa vidole vya kushoto, kuanzia mbavuni mpaka chini.

"Pindo limepinda," akasema.

"Nilifumue?"

"Liache. Kesho waite watu waingie."

Walikuja, akawapokea ameegemea mito. Mmoja alipouliza nguo ile imetoka wapi, alisema, "Mke wa mwanangu kashona." Baadaye nilimshonea nyingine mbili. Hatukuyazungumza tena yale ya mapazia, na siwezi kusema kwamba niliyasahau.

Alifariki vuli ilipoanza, asubuhi, kabla sijamletea uji. Wanawake walipokuja kumwosha waliuliza nani wa nyumbani ataingia nao. Wifi zangu walikuwa wakilia, hakuna aliyeweza kusimama. Nikakunja mikono ya gauni langu, nikaingia mimi.